Kupiga picha za wanyama Svalbard: anza na kalenda, lenzi baadaye

Swali la kwanza ninaloulizwa kuhusu Svalbard ni lenzi gani ya kubeba. Mimi hurudisha swali: unaenda mwezi gani? Visiwa hivi vya Norwei viko karibu digrii 78 kaskazini. Longyearbyen, mji wake mkubwa, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na halichwi kuanzia kama tarehe 20 Aprili hadi 22 Agosti.

Aliyezoea Serengeti anajua mwanga mzuri wa asubuhi haukai. Svalbard mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri liko digrii mbili hadi nne tu juu ya upeo, kwa hiyo muda wote linapoonekana mwanga ni wa dhahabu, mradi mlima usilizibe. Mji wenyewe hauguswi na jua hadi tarehe 8 Machi hivi kwa sababu ya milima.

Wengi hukimbilia Juni kwa ajili ya jua la usiku. Kwangu, huo ndio mwezi wa kuepuka kama unatafuta mwanga. Katikati ya Juni jua likishuka kabisa bado liko karibu digrii 11 na nusu juu. Mwanga ni mpole kuliko wa mchana, lakini dhahabu haipo. Jua linaloambaa upeo usiku kucha utalipata wiki ya mwisho ya Aprili au katikati ya Agosti. Na usiifuate saa ya ukutani: kwa saa za kiangazi za Norwei, jua huwa chini kabisa karibu saa saba usiku, si saa sita.

Sasa dubu. Tangu 1 Januari 2025 sheria inakutaka ukae angalau mita 300 kutoka kwa dubu wa barafu, na mita 500 kati ya 1 Machi na 30 Juni. Piga hesabu: lenzi ya milimita 600 kwenye kamera ya fremu kamili (kihisi chake kina upana wa milimita 36), kwa umbali wa mita 500, inaona upana wa mita 30. Dubu wa mita 2.4 anachukua asilimia 8 ya upana huo. Kwa kamera ya megapikseli 45 ni kama pikseli 660: kwa simu inatosha, kwa ukurasa mzima wa gazeti haitoshi. Hivyo Aprili usipange picha ya uso wa dubu. Mpange awe mdogo ndani ya barafu, na mlima nyuma yake, nawe ulichague hilo badala ya kulazimishwa nalo. Dubu akikufuata, wewe ndiye unayerudi nyuma.

Kuongeza kikuza nyuma ya lenzi hakukuokoi kila mara. Hewa baridi juu ya maji yaliyo wazi hutetemesha picha, na kwa umbali huo unapata manyoya yaliyovurugika hata fokasi ikiwa sahihi. Kwenye boti, usipige kupitia mlango wa chumba chenye joto. Hewa ya moto inayotoka inafanya uharibifu uleule.

Theluji ndiyo inayowaumbua wengi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu, hivyo fremu iliyojaa theluji hutoka ya kijivu. Ongeza stopu 1 hadi 1.7 (kila stopu ni mwanga mara mbili), kisha angalia histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kutoka giza kushoto hadi weupe kulia: mlima wake usogee kulia bila kugusa ukuta. Lakini mbweha wa aktiki akitoka kwenye theluji na kupita mbele ya mwamba mweusi, kamera iliyoachwa ijiamulie itafungua mwanga, na manyoya meupe yatapotea moja kwa moja. Pima theluji mara moja, weka shata, tundu na ISO (vidhibiti vitatu vya mwanga) kwa mkono, usiguse tena hadi wingu libadilike. Dubu usimtafutie weupe wa theluji. Manyoya yake yana umanjano, na yakitoka meupe kabisa umezidisha.

Mbweha huyohuyo kufikia Juni ana mabaka ya kahawia na vishungi vinavyoning'inia. Haumwi, anabadili koti. Septemba ni ya kulungu wa aktiki (reindeer): madume yameshavua ngozi laini ya pembe na tundra, uwanda wa baridi usio na miti, imekuwa nyekundu. Lala kifudifudi ili lenzi ilingane na jicho lake. Akiacha kula na kuinua kichwa, umeshasogea mno. Mwishoni mwa majira ya baridi anategemea pia mafuta aliyobakiza mwilini, kwa hiyo kumkimbiza ni kumnyang'anya chakula.

Betri kwenye baridi hudanganya: inasoma tupu, ukiipasha inarudi na nguvu. Weka tatu au nne mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzibadilishe kwa zamu. Pumua pembeni, maana pumzi ikigusa kioo cha kuangalizia huganda papo hapo. Ukitoka nje, iache lenzi ipoe ndani ya begi kama nusu saa, la sivyo chembe za theluji zitayeyuka kwenye kioo cha mbele na kuganda upya.

Kurudi ndani ndiko hatari zaidi. Hewa ya moto yenye unyevu ikikutana na chuma baridi, maji hujitengeneza hadi ndani ya lenzi. Toa kadi na betri ukiwa bado nje, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ndipo uingie. Umande utakaa juu ya plastiki. Kwa lenzi kubwa subiri saa mbili hadi tatu kabla ya kufungua. Picha utaziona kwenye kompyuta wakati huo, kwa sababu kadi tayari iko mfukoni.