Mti Dirishani, Paka Miguuni: Maswali Kuhusu Furaha Ndogo na Afya

Wengi wanaoniuliza maswali haya hawaumwi. Wamechoka tu: usingizi hauji, hasira ziko karibu, simu haibanduki mkononi. Wanataka kujua kama bustani, mnyama wa kufuga au kona tulivu ya nyumba husaidia kweli, au ni porojo za wauza mapambo. Msimamo wangu nautoa mapema: vinasaidia, ila sehemu kubwa ya kazi hufanywa na jicho lako, si na kitu ulichonunua.

Swali: Kuutazama mti tu kunaufanyia nini mwili? Mbona inasikika kama maneno matamu?

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science matokeo ambayo hadi leo hayajaacha kutajwa. Alipekua mafaili ya wagonjwa waliolazwa katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, kati ya mwaka 1972 na 1981 baada ya kuondolewa kifuko cha nyongo. Akawapanga jozi 23 za watu wanaolingana jinsia, umri na mambo mengine. Katika kila jozi, dirisha la mmoja lilitazama miti na la mwenzake lilitazama ukuta wa matofali. Wa upande wa miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache, na wauguzi waliwaandikia malalamiko machache zaidi.

Watu 46 wa hospitali moja si wengi, na sitaki mtu aache dawa zake akakae dirishani. Ninachokipenda katika utafiti ule ni kwamba wagonjwa hawakufundishwa lolote. Hakuna aliyewaambia wapumue kwa hesabu wala wafumbe macho. Walilala tu, na dirisha lilikuwepo.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Kazi za kutwa, kama kusoma, kupiga hesabu au kukwepa magari, hutumia umakini wa kulazimisha, na umakini huo huchoka kama msuli. Majani yanayotikiswa na upepo huvuta jicho bila kulishurutisha. Unatazama, lakini hudaiwi jibu. Hapo ndipo akili hupata nafasi ya kupumzika ingali macho.

Swali: Nahitaji dakika ngapi?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba waliokaa katika mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama ni safari moja ndefu au vipande vipande. Kumbuka tu kwamba huo ni uhusiano: huenda mwenye afya ndiye anayetoka zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, mdogo zaidi, ulipima kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, kwenye mate ya washiriki, ukaona kwamba hushuka kwa kasi zaidi mtu anapokaa nje kati ya dakika 20 na 30.

Ushauri wangu ni usigeuze jambo hili kuwa deni jingine. Mtu anayetazama saa kila dakika mbili ili atimize 20 amehamishia ofisi chini ya mti.

Swali: Naishi ghorofani, sina hata kipande cha ardhi. Chungu kimoja kitanisaidia nini?

Chukua punje moja ya maharage, iweke kwenye kikombe cha udongo wenye unyevu, kikombe kitobolewe chini ili maji yasituame. Baada ya siku kadhaa utaona udongo umeinuka na kupasuka kidogo. Kinachotangulia kutoka si jani, ni shingo iliyokunjwa kama ndoano. Kesho yake shingo inajinyoosha, inavuta nusu mbili za mbegu kutoka udongoni, na mara nyingine ganda hubaki limening'inia juu kama kofia ya mlevi. Mimi nimeliona hilo mara nyingi na bado huchelewa kazini kwa sababu yake.

Faida ya chungu iko hapo: kinakupa sababu ya kusogea karibu na kutazama kitu kisichoharakishwa na mtu yeyote. Usikinunue kwa ajili ya kusafisha hewa. Imani hiyo ilienea baada ya majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989, ambayo yalifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Waliopiga hesabu baadaye kwa vyumba vya kawaida waligundua kwamba ungehitaji mimea mingi mno, kiasi cha kukosa pa kukanyaga. Hewa fungulia dirisha.

Na dirisha likishakuwa wazi, sikiliza. Watafiti wa King's College London walifuatilia karibu watu 1,300 kwa programu ya simu, wakachapisha matokeo mwaka 2022: kuona au kusikia ndege kuliendana na hali bora ya akili iliyodumu kwa muda wa hadi saa 8, hata kwa watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Ndege hawachagui ghorofa.

Swali: Kushika udongo kwa mikono mitupu ni salama?

Kwa wengi ni salama, ukichunga mambo machache. Vimelea vya pepopunda hukaa udongoni, na tundu dogo la mwiba linatosha kuvipitisha, hivyo hakikisha chanjo yako haijapitwa na wakati. Vaa glavu ukiwa na kidonda. Nawa kwa sabuni kabla ya kula.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni visahani vya chini ya vyungu. Mbu hutoka yai hadi kuruka ndani ya wiki moja hadi mbili, na kisahani chenye maji ya kidole kimoja kinamtosha. Mwaga maji hayo kila wiki na usugue kingo, kwa sababu mayai ya baadhi ya mbu hunata pembeni. Si furaha ndogo hata kidogo kulea mbu wa dengi kwa jina la maua.

Kulima nako ni mazoezi halali. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kuchimba, kubeba ndoo na kupalilia vinaingia humo. Mgongo ukilalamika, piga goti badala ya kuinama.

Swali: Paka au mbwa hupunguza kweli msongo wa mawazo?

Kwa muda mfupi, ndiyo. Katika Chuo Kikuu cha Washington State, wanafunzi 249 waligawanywa makundi: wengine waliwashika na kuwapapasa paka na mbwa kwa dakika 10, wengine waliwatazama wenzao wakifanya hivyo, wengine waliangalia picha, wengine walisubiri tu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kotisoli ya chini zaidi kwa waliowashika. Mkono ulifanya kazi ambayo picha haikuweza.

Kwa muda mrefu habari ni mchanganyiko. Mnyama ni furaha na pia ni kazi: chakula, chanjo, uchafu, na siku moja msiba. Ukiwa huna muda, msalimie paka wa jirani. Paka wengi hawana uaminifu wa kupindukia, watakupokea.

Tahadhari ambazo siachi kuzirudia ni hizi. Ukiumwa au kuparuzwa na mbwa au paka usiyejua chanjo zake, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara huua. Chanjo ya mapema ndiyo inayookoa. Mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha choo cha paka, na kisafishwe kila siku, kwa kuwa vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Mwenye pumu au mzio ajue kwamba tatizo si manyoya yenyewe bali mate na magamba ya ngozi ya mnyama, kwa hiyo kumnyoa hakusaidii. Kumzuia asiingie chumba cha kulala husaidia zaidi.

Swali: Nyumba ya kutuliza roho si lazima iwe na fedha nyuma yake?

Fedha hurahisisha, lakini kinachochosha zaidi mara nyingi ni vurugu. Utafiti uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa mwaka 2010 uliwaomba wanandoa wazunguke nyumba zao wakiwa na kamera ya video huku wakieleza wanachokiona. Wanawake waliozungumzia msongamano wa vitu na kazi zisizokwisha walikuwa na kotisoli isiyoshuka vizuri kutwa nzima kama inavyotakiwa. Nguo zilizorundikwa kwenye kiti zinakusemesha, hata ukijifanya huzisikii.

Huna haja ya kupanga nyumba nzima. Chagua kona moja: kiti, mwanga, kitu kimoja unachopenda kukitazama, na sheria kwamba hapo hakuwekwi bili wala nguo za kukunja. Iwe karibu na dirisha ikiwezekana. Nje, hata kukiwa na mawingu, mwanga mara nyingi hupita lux 1,000 (lux ni kipimo cha mwanga), ilhali ndani ya nyumba nyingi haufiki 500. Mwanga wa asubuhi husaidia saa ya mwili kujipanga, na usingizi wa usiku hufuata mpangilio huo.

Moshi ni suala jingine. Mishumaa, udi na ubani vina harufu tamu, ila chembechembe za moshi wake huingia mapafuni kama za moshi mwingine. Fungua dirisha, na mwenye pumu avikwepe. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chumba cha kulala ili kupata joto. Kaboni monoksidi, hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia.

Swali: Wiki ya kwanza nilifurahi, sasa sioni kitu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umezoea. Ubongo huacha kuripoti kisichobadilika. Sogeza kiti, pita njia nyingine, au jipe kazi ndogo: leo tafuta vivuli vitatu vya kijani, kesho sauti tatu.

Swali: Nimejaribu vyote na hakuna kinachonigusa, hata vile nilivyovipenda zamani.

Hili ni tofauti na kuzoea. Kupoteza hamu ya karibu kila kitu, au huzuni isiyoondoka, kwa siku nyingi katika wiki 2 au zaidi, hasa kukiwa na usingizi ulioharibika, hamu ya kula iliyobadilika au kujiona huna thamani, huenda ni sonona. Ni ugonjwa, una matibabu ya mazungumzo na ya dawa, na haumaanishi kwamba hukuitazama bustani vya kutosha. Ukifika kwa mhudumu wa afya, mweleze ilianza lini, unalala saa ngapi, na ni kitu gani ulikipenda ambacho sasa hukigusi. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo, asikuache peke yako, na mwende pamoja hospitalini. Maua yatamwagiliwa na mtu mwingine.