Alteneta Ikifa Juu ya Urambo

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza kujifunza urubani ni hili: umeme ukikatika angani, injini itazimika? Haizimiki. Injini ya ndege nyingi ndogo za mafunzo ina magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, na hizo ndizo zinazotoa cheche kwenye plagi. Hazitegemei betri wala alteneta, yaani mtambo unaozalisha umeme wa ndege na kuchaji betri. Nataka kila mwanafunzi wangu alijue hili kama anavyojua jina lake, maana asipolijua, kitaa kimoja chekundu kinatosha kumfanya asahau kurusha ndege.

Safari moja ya mafunzo ilinionyesha hivyo. Tulikuwa tunatoka Tabora kwenda Kigoma, kama kilomita 350 kwa mstari ulionyooka. Ni njia nzuri kwa mwanafunzi, kwa sababu reli ya kati ipo chini inamwongoza: Urambo, Kaliua, Uvinza. Tulikaribia Urambo, mashamba yakaanza kuonekana katikati ya miombo, ndipo kijana akasema, "Mwalimu, taa ya volti." Sindano ya ameta, kipimo kinachoonyesha umeme unaingia au unatoka kwenye betri, ilikuwa imelala upande wa kutoa. Alteneta haichaji tena. Kila kinachowaka kinakula betri.

Nilimwuliza, "Nani anarusha?"

"Mimi, Mwalimu."

Akasawazisha mabawa, akatazama mwendo na kimo. Kipima mwendo na altimita hufanya kazi kwa mgandamizo wa hewa tu. Kwenye ndege ile, hata kioo cha upeo, kinachoonyesha ndege imelala vipi, kilizungushwa kwa pampu ya hewa inayoendeshwa na injini. Tulichokuwa tunaelekea kupoteza ni redio, transponda (chombo kinachotuma namba ya ndege kwenye rada), geji za mafuta, taa na flapsi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua.

Swichi kuu ya ndege hizi imepasuliwa katikati: nusu ya kushoto ni ya alteneta, ya kulia ni ya betri. Mara nyingine alteneta haijafa, imejikata tu kwa sababu volti zilipanda kupita kiasi. Kwa hiyo tulizima kwanza redio na vyombo vya mawasiliano ili visipigwe na umeme wa ghafla, tukahakikisha fyuzi ya alteneta haijachomoka, kisha tukazima swichi kuu na kuiwasha tena. Taa ikarudi vilevile. Hapo tukaacha. Hilo hufanywa mara moja. Ukirudiarudia, unalazimisha umeme upite mahali ambapo kuna kitu kimekataa, na waya unaopata moto uko nyuma ya dashibodi, usikouona.

Baada ya hapo ni kuishi kwa kubana. Aliyeishi na mgao wa umeme anaelewa: simu ina chaji kidogo, hujui umeme utarudi lini, unazima kila kitu ili ubaki na simu moja ya maana. Vyote vikiendelea kuwaka, mimi sihesabu betri kuwa na zaidi ya nusu saa, na betri iliyochoka haifiki hata hapo. Kabla ya kuzima, kijana alisoma geji za mafuta na kuandika kiasi pamoja na saa kwenye karatasi iliyofungwa pajani, kwa sababu geji nazo zingekufa. Tukawaita waongoza ndege wa Tabora tukiwa bado na sauti: alteneta imekufa, tunageuza, tunazima redio, tutawaita tena tukiukaribia uwanja. Kisha kimya. Kama betri ingeisha kabisa, tungetafuta taa ya mnara: kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua, nyekundu inayomweka inasema uwanja si salama, usitue. Na transponda ikiwa bado hai, namba ya redio iliyokufa ni 7600.

Kwa nini tulirudi badala ya kuendelea? Tabora ilikuwa nyuma yetu kwa dakika 25 hivi, Kigoma ilikuwa mbele kwa zaidi ya saa nzima. Injini ingetufikisha kote, lakini sioni sababu ya kuvuka mbuga na mabwawa ya Malagarasi nikiwa bubu.

Flapsi ndizo huwagawanya walimu. Wapo wanaotumia umeme uliobaki kuzishusha. Mimi nilimwambia kijana atue bila flapsi. Uwanja wa Tabora uko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto ndege hizi hupanda kwa shida. Ukizishusha zote, betri ikakata roho, kisha ukalazimika kughairi kutua, utapanda na breki umezibeba mwenyewe. Alikuja kwa mwendo wa juu kidogo, pua ikiwa imeinuka kuliko alivyozoea, akatumia njia ndefu zaidi kusimama.

Ingekuwa moshi, hesabu ingekuwa nyingine. Ukinusa plastiki inayoungua, hakuna kubana tena: zima swichi kuu saa hiyohiyo, usiguse ufunguo wa magneto, funga matundu ya hewa, shika kizimamoto. Moto ukishakufa ndipo ufungue hewa ipite, na utue uwanja wa karibu.

Fundi alifungua kifuniko cha injini, akanionyesha waya nyuma ya alteneta. Ulikuwa umekatika pale unapobanwa, nyuzi za shaba zimechanua kama ufagio. Ulikuwa umekufa kidogokidogo kwa mtikisiko.

Siku hizi, kabla ya kuingia njia ya kurukia, mwanafunzi wangu huwasha taa ya kutua huku jicho likiwa kwenye ameta. Sindano ikishtuka kisha ikarudi, alteneta inabeba mzigo. Ikibaki upande wa kutoa, tunageuza na kurudi maegeshoni.