Anayekusoma WhatsApp hayuko Dar, yuko sebuleni kwako

Hapa Mwanga, Kigoma, haipiti wiki bila mtu kuniinamia mezani na kuninong'oneza: "Fundi, kuna mtu ananisoma meseji. Yuko Dar, ana namba yangu tu." Mwingine huja na shida ya kinyume: anataka nimwekee programu ya kumsoma mchumba wake kwa kuingiza namba. Wote wameshika dhana ileile, nami nimechoka kuijibu mmojammoja.

Namba peke yake haimpi mtu meseji zako. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia. Njiani hata kampuni yenyewe haiusomi. Hao wanaojitangaza Facebook na Telegram kwamba wanadukua kwa namba ni matapeli. Ukishawatumia hela watadai nyingine ya "kufungua faili", halafu wanakublock. Utawashtaki vipi, wakati hicho ulichokitaka mwenyewe, kuingilia mawasiliano ya mtu bila ruhusa, ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015?

Programu za kijasusi za kweli zipo, sikatai. Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli mwaka 2019 ililenga watumiaji wapatao 1,400 wa WhatsApp. Lakini NSO yenyewe inasema wateja wake ni serikali. Sidhani kama kuna serikali inayotaka kujua umechati na nani saa tano usiku.

Sasa unasomwaje? Mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi alikuja akitaka nimsaidie kubadili laini. Nikamwambia, "Mama, laini haina kosa, nipe simu." Nikagusa nukta tatu za WhatsApp, nikafungua Vifaa vilivyounganishwa. Hicho hapo: Google Chrome, Windows, imetumika asubuhi ileile. Yeye hana kompyuta. Kwao anayo mtu mmoja tu, na jina lake hakunitajia.

Ndiyo kazi yote. Anayejua patani yako anachukua simu ukiwa unaoga, anaskani msimbo kwenye kompyuta, anairudisha mezani. Baada ya hapo hata simu yako ikizimwa yeye bado anasoma chati zako. Kubadili laini hakumtoi. Gusa jina la kifaa usichokijua, kitoe, kisha ubadili patani siku hiyohiyo. Na patani ya herufi L, jamani, hata mtoto wa chekechea anaifungua.

Njia ya pili ni kumtajia mtu zile tarakimu sita zinazokuja kwa SMS. Atakupigia kama mtu wa kikundi cha vikoba au wa mtandao wa simu, sauti ya upole, "nisomee tu hizo namba, dada yangu." Ukizisoma, akaunti imehama. Ndiyo maana kila simu inayopita mezani kwangu naiwekea uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya WhatsApp anayoichagua mwenye simu, mteja apende asipende. Bila PIN yako, hizo sita pekee hazimtoshi.

Dhana nyingine ninazoletewa mezani nazipitia haraka. Lile tangazo la "siiruhusu Facebook kutumia picha zangu" halina nguvu yoyote. Masharti uliyakubali siku unafungua akaunti. GB WhatsApp, ile WhatsApp isiyo rasmi, haikuongezei siri: umemkabidhi meseji zako mtu usiyemjua aliyeichezea programu ya wenyewe. Ile hali fiche ya kivinjari (incognito) inakuficha kwa atakayeshika simu baada yako, si kwa mtandao wako wala kwa tovuti uliyoingia. Na kama matangazo ya godoro yanakufuata, simu haihitaji kukusikiliza. Ulichotafuta, ulipokuwa na kurasa ulizofungua vinatosha kabisa.

Kuna na wanaosema eti Tanzania hakuna sheria ya kulinda taarifa zako. Ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake ya kupokea malalamiko.

Kabla hujaja kwangu, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika waifute. Mimi sina uwezo huo, hata ukinililia.