Je, wajua kwa nini mwanamke alipata kura kabla ya kupata shamba?

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, alinionyesha karatasi aliyoifunga mara mbili kwenye mfuko wa nailoni na kuihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa hati ya mauziano ya kiwanja cha Buhongwa. Ina muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, sahihi za mashahidi, na alama ya dole gumba la muuzaji kwa wino wa buluu. Fedha ya kiwanja hicho ilitoka kwenye dagaa. Ni yeye aliyekuwa akivuka hadi visiwani, akinunua dagaa wabichi kwa ndoo, akianika, akirudi Mwanza na magunia. Lakini kwenye mstari wa mnunuzi limeandikwa jina moja tu, la mumewe.

"Siku ile nilikuwa safarini," aliniambia. "Baba watoto ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti."

Mama huyu ana kadi ya mpiga kura yenye jina lake na picha yake, na kila uchaguzi anapanga foleni. Mamlaka ya kumchagua rais anayo. Kiwanja alichokinunua kwa jasho lake, kwenye karatasi, si chake. Imekuwaje haki kubwa hivyo ikatangulia, na hii ya kiwanja ikachelewa?

Tuanze na kura, maana historia yake ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Nchi ya kwanza kuwapa wanawake wote kura ya bunge ilikuwa New Zealand, mwaka 1893. Hapa Tanganyika wanawake walipiga kura katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti yalikuwa magumu, kwa mfano kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya darasa la nane, kwa hiyo wanawake waliofuzu walikuwa wachache. Kufikia uchaguzi wa rais wa 1962, kura ilikuwa ya kila mtu mzima. Mwaka huohuo wa 1959, wanaume wa Uswisi waliulizwa kama wanawake wao wapige kura ya taifa, na theluthi mbili wakakataa. Walikubali mwaka 1971. Bibi wa Sengerema aliyempigia kura Nyerere mwaka 1962 alimtangulia mwanamke wa Uswisi kwa miaka tisa.

Kura iliweza kuja haraka kwa sababu haikumnyang'anya mtu kitu alichokuwa amekishika. Sheria moja inapitishwa, daftari linaongezwa majina, basi. Ardhi tayari ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni baba, kaka au mjomba. Mgogoro wake uko ndani ya nyumba, kwenye matanga na vikao vya ukoo, na hausubiri miaka mitano mitano. Zaidi ya hapo, mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya wanawake wote kumpigia rais kura, Serikali ilichapa sheria za mila katika Tangazo la Serikali namba 436. Mila zilizokuwa midomoni mwa wazee, ambazo wazee wangeweza kuzilegeza kulingana na mtu na hali yake, zikawa vifungu. Mtoto wa kwanza wa kiume daraja la kwanza la urithi, wanaume wengine daraja la pili, mabinti daraja la tatu. Binti akirithi ardhi ya ukoo, aitumie maisha yake yote lakini asiiuze.

Sitasema mila hiyo ilitungwa na wajinga. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya, kibanja ni migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, udongo uliolishwa samadi vizazi na vizazi, na makaburi ya mababu humohumo. Binti akiolewa anahamia ukoo mwingine na watoto wake wanahesabiwa huko. Wazee waliogopa kwamba akiuza, makaburi yao yataangukia mikononi mwa wageni. Hofu hiyo naielewa.

Ila mwanaume aliruhusiwa kuuza! Akimuuzia mtu wa nje, ndugu walikuwa na haki ya kukikomboa kibanja kwa kurudisha bei aliyolipa mnunuzi. Ukoo ulikuwa na kinga yake tayari, na ilitosha. Kwa mwanamke kinga hiyo haikutumika, mauzo yake yalihesabiwa batili tangu mwanzo. Kama shida ilikuwa makaburi, ukombozi ungeyalinda hata kama muuzaji ni binti.

Jambo hili lilifika Mwanza, na kwa maoni yangu ni moja ya mambo makubwa yaliyowahi kutokea katika mji huu, ingawa watoto wetu hawafundishwi. Agosti 1988, mwanamke mzee wa Wilaya ya Muleba, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Aliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilikubaliana naye, bibi akaamriwa arudishe fedha. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Ephrahim naye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alisoma hukumu. Katiba yetu ilikuwa imeingiziwa haki za msingi mwaka 1984, na ilikataza ubaguzi, lakini katika kuzitaja aina za ubaguzi neno jinsia halikuwamo. Liliongezwa mwaka 2000. Jaji akaegemea pia mikataba ambayo Tanzania yenyewe ilikuwa imetia sahihi na kuridhia, ukiwamo ule wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake. Akasema kifungu kile cha mila kinagongana na Katiba, na kuanzia siku ile mwanamke na mwanaume wana haki sawa za kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Kinachonigusa zaidi ni alivyomalizia. Hakuufuta ukoo. Alimweka bibi mahali palepale alipokuwa mwanaume siku zote: ameuza, mauzo ni halali, na ndugu akitaka kibanja, alipe shilingi 300,000 akikomboe ndani ya miezi sita. Kinga ya ukoo ilibaki, ila sasa inamhusu kila muuzaji. Wanaosema usawa unabomoa mila nawaomba waisome hukumu hii taratibu. Kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory inasomwa na wanafunzi wa sheria mbali na hapa, kama mfano wa mahakama ya nchi kuutumia mkataba wa kimataifa kumlinda mwanamke kijijini.

Na isidhaniwe kwamba ni Afrika tu iliyochelewa kwenye mali. Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1882, mali ya mwanamke aliyeolewa ilikuwa chini ya mumewe. Ufaransa, mwanamke aliyeolewa alipata uhuru wa kufungua akaunti ya benki bila ruhusa ya mume mwaka 1965, miaka zaidi ya ishirini baada ya kupewa kura. Uswisi, sheria ya ndoa iliyomwondoa mume kwenye ukuu wa nyumba ilianza kutumika Januari 1988. Bibi wa Muleba aliuza kibanja chake Agosti ya mwaka uleule.

Baada ya hukumu ya Mwanza, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999 ziliandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume. Kwenye urithi, safari haijaisha. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliofukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao, walikwenda Mahakama Kuu kupinga tangazo lile la 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila zile zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa 1979 ikaamua kwamba Tanzania iliwakosea. Mjane anayetolewa nyumbani kabla arobaini haijafika hana miaka tisa ya kusubiri kamati.

Nilimweleza mama wa Mwaloni kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Kinasema mali ikinunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kwamba haki zao ni sawa. Nilimwambia pia kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Akaniuliza, "Kwa hiyo na dagaa?" Dagaa zaidi, nikamjibu, ila utatakiwa kuthibitisha, na siku hiyo huenda shahidi wako mkubwa ni marehemu.

Hakuwa na ugomvi na mumewe, na ndiyo maana niliona huo ndio wakati mzuri. Jumamosi moja walikwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimtazama mume, akamuuliza kama kweli ameridhia. Mzee akajibu, "Andika, mwenyekiti. Hela ilitoka kwenye dagaa." Wakaandika karatasi ya pili yenye majina mawili, mashahidi wakasaini, ikabanwa pini pamoja na ile ya kwanza, ikarudi kwenye kopo.