Umwagiliaji unaofuata hali ya hewa: maana yake na jinsi unavyokokotolewa

Umwagiliaji unaofuata hali ya hewa ni utaratibu ambao kidhibiti cha bustani, yaani kifaa kinachofungua na kufunga vali za maji kwa saa zilizopangwa, hubadilisha muda wa kumwagilia kulingana na vipimo vya jua, joto, upepo, unyevu wa hewa na mvua vilivyochukuliwa karibu na bustani hiyo. Kidhibiti cha kawaida hakina habari na mambo hayo. Kikipangiwa dakika 20 alfajiri, kitamwaga dakika 20 hata kama usiku kucha mvua ilikuwa ikinyesha.

Msingi wa hesabu ni evapotranspiresheni, ambayo ni jumla ya maji yanayovukizwa kutoka kwenye udongo na yale ambayo mimea huyatoa kama mvuke kupitia majani. Hupimwa kwa milimita kama mvua, na milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Kanuni inayotumika zaidi imetokana na kazi ya Howard Penman ya mwaka 1948, iliyoendelezwa na John Monteith mwaka 1965, na mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaitolea mwongozo unaofuatwa hadi leo. Kanuni hiyo hukadiria maji ambayo yangepotea kwenye uwanja wa nyasi zenye kimo cha sentimita 12 zisizopungukiwa maji. Siku ya baridi yenye unyevu kiwango hicho huwa kama milimita 2 au 3, ilhali siku ya joto kali katika nchi kavu hufika milimita 6 hadi 8.

Kwa kuwa bustani si nyasi tupu, kiwango hicho huzidishwa kwa kigezo cha mmea, yaani namba inayoonyesha mmea hutumia maji kiasi gani ukilinganishwa na nyasi hizo. Nyanya changa hukadiriwa kuwa na kigezo cha 0.6, na majani yake yanapofunika tuta na kuanza kubeba matunda hufikia 1.15. Kwa hiyo, siku ambayo kiwango cha rejea, yaani kile cha nyasi, ni milimita 5, tuta la nyanya changa hupoteza lita 3 kwa mita ya mraba, na tuta la nyanya zilizokomaa hupoteza karibu lita 6, ingawa yamepakana.

Wengi hudhani kwamba joto peke yake linatosha kuamua, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Nishati inayogeuza maji kuwa mvuke hutoka hasa kwa jua, na upepo mkavu huuondoa mvuke huo juu ya majani ili mwingine utoke; ndiyo maana siku ya joto la wastani yenye anga safi na upepo inaweza kukausha bustani kuliko siku ya joto la juu iliyotanda mawingu na kutulia.

Baada ya kupata kiwango cha siku, kidhibiti hukilinganisha na kile kilichotumika kupanga muda wa awali. Tuseme vinyunyizio hutoa milimita 15 kwa saa, na dakika 20 zilipangwa ili kurudisha milimita 5. Siku iliyopoteza milimita 3.2 itahitaji asilimia 64 ya muda huo, ambayo ni karibu dakika 13.

Mvua huhesabiwa kwa namna ya daftari la akiba, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kinachostahili uangalifu mkubwa kuliko vyote. Ikiwa udongo umepungukiwa milimita 8 kisha ikanyesha milimita 20, ni 8 tu zinazoziba pengo. 12 zilizosalia hutiririka au huzama chini ya mizizi, wala haziwezi kuwekwa kama akiba ya wiki ijayo. Programu isiyoweka ukomo huo itaziacha mboga zikinyauka huku ikionyesha kwamba maji bado yapo.

Mvua pia ndiyo sababu ya kusisitiza vipimo vya karibu. Joto la kituo kilicho mbali kidogo huwa halitofautiani sana na la bustani iliyo katika mwinuko uleule, lakini manyunyu mazito yanaweza kupiga mtaa mmoja na kuuacha wa pili ukiwa mkavu. Kipima mvua kidogo kilichowekwa mahali pa wazi, mbali na miti na kuta, husaidia kuliko takwimu nyingi za mbali, mradi kisafishwe mara kwa mara, kwa sababu jani moja likiziba tundu lake kitaripoti sifuri wakati wa mvua kubwa.

Hatimaye, ni lazima kidhibiti kiambiwe la kufanya takwimu zinapokatika. Njia salama ni kurudia muda wa kawaida wa msimu huo, na kuweka kikomo cha juu ili kipimo kimoja kilichoharibika kisiache vali wazi kwa saa nyingi.