Ekspreshen mapu ni nini na mbona bila hiyo laibrari ya okestra inasikika vibaya

Umeandika skoo yako poa kabisa, pizz. (pizikato, yaani kuvuta kamba na kidole) iko mahali pake, kresendo, ile sauti kupanda polepole, umeichora kutoka pp (chini sana) hadi ff (juu sana), umeinstoo laibrari ya okestra yenye imekula bando yote, alafu ukibonyeza plei vayolini zinavuta tu sauti moja isiyobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengi hapo wanalaumu laibrari, wengine wanaenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, kutafuta laptopu ingine. Mara nyingi shida si hizo, shida ni ekspreshen mapu, ama haiko kabisa ama iko lakini ni ya laibrari tofauti.

Ukweli ni kwamba programu ya kuandika muziki, iwe Dorico, Sibelius ama MuseScore, ukishaiunganisha na laibrari ya nje kazi yake ni kutuma ujumbe wa MIDI, ule mfumo wa tangu 1983, na huo ujumbe ni namba tu: noti gani, imepigwa kwa nguvu gani kati ya 0 na 127, imeachiliwa wakati gani. Hakuna namba ya pizz. hapo ndani. Laibrari nayo ni rundo la rekodi fupi fupi za watu halisi, kwa mfano ile ya BBC Symphony Orchestra ya Spitfire ilirekodiwa Maida Vale kule London, wanamuziki wakapiga noti kwa upinde mrefu, kwa upinde mfupi, kwa kuvuta kamba na kidole, kwa kutetemesha, taratibu na kwa nguvu. Hizo sauti zote unazo kwa diski yako, lakini laibrari haioni karatasi yako hata kidogo, inasubiri iambiwe ni gani itoe.

Ekspreshen mapu ndiyo konda hapo katikati. Abiria anasema nashuka Roysambu, dereva hasikii hilo neno, anasikia bodi ikigongwa na anajua la kufanya. Mapu inasoma pizz. kwa skoo, inagonga kulingana na vile hiyo laibrari imezoea kugongwa.

Kugonga kwenyewe kunafanywa kwa njia kadhaa na ya kawaida inaitwa kiswichi, yaani noti ambayo haitoi sauti yoyote, inabadilisha tu aina ya upigaji. Noti ya chini kabisa ya vayolini ni G iliyo chini ya C ya kati, kwa MIDI hiyo ni namba 55, so huko chini ya hapo kuna nafasi kibao ya kuficha viswichi, tuseme 24 ni upinde mrefu, 25 ni stakato (noti fupi za kukatika), 26 ni pizikato. Kwa besi kubwa huko chini kunatumika, kwa hivyo laibrari kadhaa zinaviweka juu, na hiyo ndio maana mapu ya vayolini ukiibandika kwa besi inaleta vituko. Laibrari zingine hazitumii viswichi, zinatumia namba ya kontrola (ujumbe wa MIDI wa kurekebisha kitu, kama ule wa gurudumu la kinanda) ama kila upigaji unakaa kwa chaneli yake, na mapu inaweza kushughulikia hizo pia.

Sasa kuna hii moja inasumbua watu sana manze. C ya kati ni noti namba 60 kila mahali, lakini jina lake halijakubaliwa, kuna watengenezaji wanaiita C3 na kuna wenye wanaiita C4. Manyuo ya laibrari (kitabu chake cha maelekezo) inakwambia pizikato iko D0, wewe unaandika D0 kwa mapu, programu yako inahesabu oktava tofauti, noti inaenda pahali hakuna kitu, na vayolini zinaendelea kuvuta upinde kama hakuna chenye umesema. Ukiona pizz. haifanyi kazi kabisa, songesha viswichi oktava moja juu ama chini kabla hujafuta kitu chochote.

Ya pili ni sauti kupanda na kushuka, na kwangu hii ni muhimu kuliko hata pizikato kwa sababu inagusa kila ba ya muziki. Noti fupi kwa laibrari nyingi zinafuata nguvu ya mbonyezo, hiyo veloziti, lakini noti ndefu zinafuata kontrola namba 1, ile gurudumu ya kando ya kinanda, kwa sababu noti ya vayolini inaweza kukua katikati yake ilhali ya piano ikishapigwa imepigwa. Sasa kama mapu imeachwa kwa veloziti peke yake, kresendo yako ya ba nne kwa noti moja ndefu haiendi popote. Kwa Dorico unaingia kwa ekspreshen mapu zenyewe, kwenye volume unachagua kontrola 1 kwa upigaji mrefu na veloziti kwa mfupi, basi, utasikia tofauti hapo hapo.

Usifungue okestra nzima ndio uanze kupima. Fungua vayolini moja, andika noti ndefu yenye kresendo, stakato nne, pizz., alafu arco ya kurudi kwa upinde, sikiza. Ikikubali ndio unaenda kwa viola, na ukimaliza zote uzisevu kama templeti ndio usirudie hii kazi kila wimbo. Laibrari kubwa pia inakula RAM vibaya na inapendelea SSD, so kama mashine yako ni ya kawaida anza na BBC Symphony Orchestra Discover, ni ya bure na ni ndogo.

Na kama haya yote yanakuchosha, kuna njia za mkato. Muse Sounds za MuseScore 4 zinakuja zimeshaunganishwa na skoo, bure pia. NotePerformer ni ya kulipia lakini inasoma muziki kama sekunde moja mbele ndio ijue sentensi inaelekea wapi, na mapu yake iko tayari. Kwa Sibelius kitu kinachofanya kazi ya mapu kinaitwa saundi seti na kujitengenezea mwenyewe si mchezo, hapo mimi ningetafuta iliyotengenezwa tayari.

Watu wa kwaya, nyinyi mjue laibrari nyingi za sauti zinaimba aa na oo tu, maneno yenu ya Kiswahili hazitayatoa hata mapu iwe safi aje. Kama ni demo ya kusomea kabla ya mashindano, wekeni okestra kwa laibrari alafu soprano hadi besi murekodi na simu.