Mgongo wazi si adhabu ya mama

Huku Kigoma, Ujiji hadi Mwanga, bado wapo wanaoamini kwamba mjamzito akimcheka mlemavu, naye atazaa mlemavu. Si kweli. Mgongo wazi ni pale uti wa mgongo wa mtoto usipofunga vizuri tumboni, nao hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wengi hata hawajajua kama wana mimba. Upungufu wa foliki asidi, aina ya vitamini, huchangia, kicheko hakimo.

Lakini mama aliyeambiwa kwenye utrasaundi kuwa mwanawe ana mgongo wazi huanza kukumbuka kila aliyemtazama sokoni. Hulia, hukasirika, huwaonea wivu wajawazito wenzake, hata huogopa kumzoea aliye tumboni. Hayo ni majonzi kamili, ingawa mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo, mama mkwe, usimuulize "ulifanya nini?" Mwambie "pole mwanangu," umsindikize kliniki.